Kabla hujatia dawa mtazame samaki: niliyojifunza na tangi la maji ya bahari

Watu wakijua unafuga samaki wa bahari nyumbani basi simu haziishi, na karibu zote zinaanza vile vile, samaki wangu ametoka madoa nimtilie dawa gani. Mimi sitaji dawa. Namuuliza huyo mtu samaki anapumuaje, yaani matamvua yanapiga haraka kuliko ya wenzake ama sawa, anakula ama kagoma, anajisugua kwenye mawe, doa liko upande mmoja ama pande zote mbili, limetuna ama limechimbika, na la mwisho, kuna samaki mpya aliyeingia humo hivi karibuni. Mtu akinijibu hayo vizuri mara nyingi ugonjwa umeshajulikana kabla hata sijauona, na asipoweza kujibu namwambia kaa mbele ya kioo robo saa umtazame alafu unipigie tena. Naona hapo ndipo samaki wengi wanapopotea, si kwa kukosa dawa, dawa zipo, ni kwa kutiwa dawa ya mdudu ambaye hakuwepo.

Nafuga hapa Mombasa, tangi la lita 400, maji nayachota baharini yakajaa vizuri, na samaki wangu wengi ni wa pwani hii hii. Wanakamatwa na wapiga mbizi wenye leseni sehemu kama Shimoni na Kilifi, wengi wanapanda ndege kwenda nje, wachache ndio wanabaki kwetu. Tuna bahati manake samaki anatufikia hajakaa ndani ya mfuko siku mbili. Lakini mdudu nae ni wa bahari hii hii, anakuja na samaki. Kule nje samaki akiwa na vimelea viwili vitatu haumii sana, vikishuka vikazaa watoto wao wanachukuliwa na mkondo wanapotea. Ndani ya kioo hakuna mkondo wa kuwapeleka popote, kila kinachozaliwa kinamkuta samaki yule yule, kwahivyo kilichokuwa kidogo Jumatatu kinakuwa balaa Jumatatu inayofuata.

Alafu kuna jambo la ngozi yenyewe ambalo nikilieleza watu wanashangaa. Magamba ya samaki hayako nje kabisa, juu yake kuna ngozi nyembamba iliyo hai na juu ya ngozi kuna ute. Damu ya samaki wa bahari ina chumvi kama theluthi moja tu ya chumvi ya maji anayoogelea, kwahivyo bahari saa zote inamvuta maji mwilini na yeye anakunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kupitia matamvua ili abaki hai. Sasa ngozi ikibanduka, hata kipande kidogo tu, maji yanamtoka hapo hapo. Samaki anakauka akiwa ndani ya maji! Ndio maana kidonda ambacho kwa mbuzi ungepaka dawa ukasahau kwa samaki kinaweza kuua kwa siku chache, na ndio maana ukikuta ngozi inamomonyoka usingoje kesho.

Nianze na madoa meupe manake ndio yanayowasumbua wengi. Nilikuwa na kangaja wa bluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la manjano, na anayefuga kangaja huyu ajue ndio huwa wa kwanza kutoka madoa tangi likichafuka. Asubuhi moja alikuwa na vidoa vyeupe vimetuna, kila kimoja ukubwa wa punje ya chumvi laini, kwenye mapezi na ubavuni. Jioni vimepungua. Baada ya siku kadhaa havipo kabisa, na mwenye kumtazama juu juu angesema amepona. Hajapona. Mdudu huyu anaitwa Cryptocaryon irritans na maisha yake yako hivi, anakaa chini ya ngozi ya samaki siku 3 hadi 7 akila, akishiba anatoka, mara nyingi gizani, anashuka kwenye mchanga na mawe anajifunga ndani ya kijifuko, humo anajigawa mamia, alafu kijifuko kinapasuka na watoto wanatoka kutafuta samaki, na wakimkosa kwa siku moja mbili wanakufa. Vijifuko vingi vinapasuka ndani ya wiki tatu nne lakini kuna vilivyoonekana kupasuka hata baada ya siku 72. Kwahivyo madoa yakipotea wewe ndio kwanza una kazi, manake kile kizazi kimeshuka kuzaa.

Na hapo ndio utaelewa kwa nini hakuna dawa inayomuua akiwa chini ya ngozi wala akiwa ndani ya kijifuko. Anauliwa akiwa anaogelea tu. Dawa inabidi ikae ndani ya maji muda mrefu ikimsubiri.

Dawa iliyozoeleka ni shaba. Ila shaba haiwekwi kwenye tangi lenye matumbawe, kamba, kaa au konokono, inawaua wote, na mawe na mchanga wa chokaa vinainywa alafu vipimo havieleweki. Inawekwa kwenye tangi la hospitali, kioo kitupu chenye filta, hita kama unapoishi kuna baridi, na vipande vya bomba la plastiki samaki ajifiche. Kuna shaba za aina mbili na watu wanachanganya vipimo vyake, shaba huru inatumika karibu miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, na ile iliyofungwa na kemikali nyingine ili isiwe kali inakwenda miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita, ukichukua kipimo cha hii ukaweka kwenye ile umeua. Unapandisha taratibu kwa siku mbili tatu, unapima kila siku kwa kifaa kinachoeleweka, na unashikilia siku 30 bila kushuka. Ikishuka siku moja hesabu inaanza upya. Kama huna kifaa cha kupima shaba, usitumie shaba, hapo sina mjadala.

Kwa sisi tuliokaa karibu na bahari kuna njia nyingine naipenda zaidi kwa sababu haina dawa kabisa, ni kumhamisha samaki. Unakuwa na mabeseni mawili makubwa ya plastiki, yale ya kufulia yasiyowahi kuguswa na sabuni, kila moja na jiwe lake la hewa na kijibomba chake. Samaki anakaa beseni la kwanza saa 72, alafu unamtoa na maji kidogo iwezekanavyo unamtia la pili lenye maji mapya ya joto lile lile na chumvi ile ile, na lile la kwanza unalimwaga, unalisugua, unalianika juani likauke kabisa kabisa. Mara nne hivyo, siku 12. Mdudu akishuka kujifunga kijifuko anabaki kwenye beseni ulilolikausha, samaki yeye ameshaondoka. Kila kitu kinakauka, hata jiwe la hewa. Wenzetu wanaonunua chumvi ya madukani wanaogopa gharama ya hayo maji yote, sisi maji ni ndoo tu na miguu.

Ile njia ya kupunguza chumvi nayo inafanya kazi kwa mdudu huyu, unashusha maji mpaka uzito wake ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi uwe 1.009 na kukaa hapo wiki nne baada ya doa la mwisho, ila inataka rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, iliyosawazishwa vizuri, ukiwa 1.011 umekaa bure. Na wakati wote huo tangi kubwa linabaki bila samaki hata mmoja. Mimi naliacha siku 76, na kila mtu akija nyumbani ananiuliza kwa nini nalisha kamba peke yao.

Sasa kuna wa pili anayefanana na huyu kwa mtu asiyetazama. Huyu vidoa vyake si punje, ni vumbi laini sana, rangi ya dhahabu iliyofifia, unaliona ukizima taa za tangi ukamulika tochi kwa ubavu. Huyo ni Amyloodinium, naye anaanzia kwenye matamvua, kwahivyo samaki anahema vibaya na amesimama kwenye mdomo wa pampu kabla hujaona kitu ngozini. Wa kwanza anakupa wiki, huyu anakupa siku. Dawa ni shaba vile vile, ila hapa hakuna kungoja uone itakuwaje. Wengine wanatumia klorokwini, na wazee wa hapa wakisikia jina hilo wanajikuna, manake ni ile ile ya malaria iliyokuwa inawasha mwili mzima, Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Kwa vimelea hivi inafanya kazi, tatizo kuipata ikiwa safi.

Kilichonifundisha kutafuta hadubini ni samaki klauni. Nilileta jozi, wale wa pwani yetu wenye mwili wa kahawia na mistari miwili myeupe na mkia mweupe, nikawaweka karantini, na siku ya tatu dume akawa na utando mweupe mzito kuanzia kichwani, si madoa, ni ute wenyewe umeganda unaning'inia vipande, na chini yake ngozi imepauka. Anahema, hali. Nina jamaa anafanya kazi maabara, nikambeba samaki ndani ya ndoo na pampu ya betri mpaka kwake.

Kukwangua ute kunataka mkono mwepesi na nitaeleza vile tulivyofanya. Kwanza samaki analazwa kwa mafuta ya karafuu, haya haya ya Pemba, ila hayachanganyiki na maji kwahivyo unatia matone machache kwenye kichupa chenye maji ya vuguvugu unakitikisa kwa nguvu mpaka yawe meupe, ndio unamimina kidogo kidogo kwenye beseni dogo lenye maji yake mwenyewe na hewa. Dakika chache anaanza kulala ubavu, bado anahema taratibu. Unamshika kwa kiganja kilicholowa chenye glavu isiyo na poda, unachukua kile kioo chembamba cha kufunikia, unakipitisha kutoka kichwani kuelekea mkiani nyuma ya pezi la ubavuni, mara moja tu, bila kukandamiza, ukienda kinyume unang'oa magamba. Ute kidogo unabaki kwenye ncha ya kioo. Tone la maji ya bahari, si ya bomba, maji ya bomba yanapasua wadudu. Unafunika, unatazama hapo hapo, ukingoja robo saa wameshakufa na mdudu aliyekufa humjui. Samaki anarudi kwenye maji safi na pampu inampulizia mdomoni mpaka asimame.

Pale kwenye hadubini walikuwa wamejaa, umbo la figo, vinyweleo upande mmoja, wanateleza huku na huku wakigusa gusa ngozi iliyobanduka. Brooklynella. Cryptocaryon ungemjua, yule ni duara kubwa jeusi jeusi linalojizungusha taratibu. Na tofauti hii ina uzito mkubwa kwa sababu shaba haimwezi Brooklynella, ukimtia klauni huyu kwenye shaba kwa kudhani ni madoa meupe atakufa ndani ya dawa na wewe utasema dawa ni mbovu.

Yeye dawa yake ni fomalini. Kwa maji yetu ya joto kipimo kisizidi mililita moja na nusu kwa lita 10, ile fomalini ya asilimia 37, saa moja kwenye beseni lenye hewa nyingi sana manake fomalini inakula oksijeni, na wewe hubanduki hapo, akianza kuyumba kabla ya muda unamtoa. Alafu anaingia tangi safi ambalo hajawahi kulikaa, ukimrudisha kwenye maji yale yale umemrudisha kwa wadudu. Baada ya siku kadhaa unarudia. Ukiona chupa ya fomalini ina unga mweupe umetulia chini usiitumie, imeharibika na ni sumu kali zaidi. Na jamani, fomalini inasababisha saratani kwa binadamu, glavu, nje ya nyumba, watoto wasiwe karibu, hilo si la kulichukulia kirahisi hata kidogo. Dume aliokoka. Kwa jike ugonjwa ulikuwa umeshashika matamvuani, nikalikosa.

Kuna mmoja ambaye mpaka leo ananiuma nikimuona kwa mtu, anaitwa Uronema. Huwapata sana wale samaki wadogo waitwao kromisi wa kijani. Kinatokea kidonda chekundu ubavuni, kimechimbika, kama pametobolewa kutokea ndani, na kweli ndivyo, huyu haishii kwenye ngozi, anaingia kwenye nyama na viungo. Tena hahitaji samaki kuishi, anakula bakteria na uchafu kwenye mchanga, kwahivyo hata uache tangi tupu mwaka mzima utamkuta. Ukiwahi kabla kidonda hakijafunguka unajaribu kuoga fomalini na chakula kilichochanganywa na metronidazole, ile ile Flagyl ya kila kemisti, na wachache wanapona. Kidonda kikishafunguka mimi siwadanganyi watu. Namwambia mwenye samaki amlaze kwa mafuta ya karafuu mengi zaidi asiamke tena, apumzike, na wale wengine asiwajaze wengi ndani ya tangi dogo, manake msongamano na kugombana ndio vinampa huyu mdudu nafasi.

Si kila alama ni mdudu lakini. Samaki wangu kipepeo alitoka vinundu vyeupe vigumu kwenye ncha za mapezi, anakula, anaogelea, anahema vizuri. Hiyo ni lymphocystis, ni virusi, inavimbisha seli za ngozi mpaka zinaonekana kwa macho, haina dawa na haihitaji dawa, inapukutika yenyewe baada ya wiki au miezi ukimtuliza na kumlisha vizuri. Mtu akiitia shaba anamtesa bure. Mkwaruzo wa upande mmoja ulionyooka mara nyingi ni wa kangaja, ana wembe pale kwenye shina la mkia na anautumia, dawa yake ni kuwatenganisha. Wakati mwingine ni wavu, na tangu nimeanza kumkamata samaki kwa chombo cha plastiki badala ya wavu mikwaruzo imepungua sana. Na kule kuchimbika usoni na kwenye mstari wa ubavuni kwa kangaja, pande zote mbili sawa sawa, siku nyingi walilaumu chakula, ila utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha mkaa wa filta unaweza kuleta hali hiyo, kwahivyo nikiiona naondoa mkaa kwanza, naongeza mwani kwenye chakula, na nasubiri.

Macho yenye ukungu pamoja na ngozi iliyofifia na kujisugua sana, hapo nawafikiria minyoo bapa inayobana ngozi. Iko angavu huioni, mpaka umzamishe samaki kwenye maji yasiyo na chumvi wala klorini, joto sawa na pH (kipimo cha asidi) sawa na ya tangi, dakika 5, ndio inageuka nyeupe na kudondoka chini, unaihesabu kwa macho. Huo ndio uchunguzi na ndio nusu ya tiba. Tiba kamili ni praziquantel, dawa ya kichocho tunayoijua sote, na lazima irudiwe baada ya siku 5 hadi 7 manake haiui mayai.

Kuhusu antibaiotiki nina uchungu nalo kidogo. Watu wanafungua kapsuli za amoksilini wanamimina ndani ya tangi. Bakteria wanaochimba vidonda kwa samaki wa bahari wengi ni jamii ya Vibrio na ndugu zake, na dawa hiyo mara nyingi haiwagusi, ila bakteria wema wa filta wanaweza kuumia, amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, ikapanda, na samaki mwenye kidonda akaungua juu ya kidonda. Kidonda cha bakteria huwa na ukingo mwekundu na mara nyingi kimefuata njia iliyofunguliwa na kitu kingine, mdudu au mkwaruzo au maji mabaya, kwahivyo tafuta hicho kwanza, na antibaiotiki muulize daktari wa mifugo, hata kama hajawahi kutibu samaki anajua bakteria.

Na mikono yenu pia. Jamaa mmoja anayefuga kama mimi alitoka uvimbe kwenye kidole, haukuwa na maumivu makali, ukawa unapasuka na kufunga, akapewa dawa za kawaida miezi na haukupona, mpaka alipoulizwa unafanya kazi gani na mikono yako akasema nafuga samaki. Ni Mycobacterium marinum, inatoka kwa samaki na maji ya tangi na kuingia kwenye mchubuko, na matibabu yake ni ya miezi. Ukiwa na kijeraha mkononi vaa glavu ndefu, na ukienda hospitali na uvimbe usiopona mwambie daktari unafuga samaki hata kama hajauliza.

Siku hizi samaki mpya kwangu anakaa peke yake siku 30 kabla hajaona tangi kubwa, tena na stima ya akiba ya pampu manake stima ikikatika saa mbili tangi dogo ndio linaumia mwanzo. Wanaonitumia picha nawaomba wawashe taa nyeupe, zile taa za bluu za matumbawe zinaficha kila kitu, na video ya nusu dakika inanifaa kuliko picha kumi kwa sababu pumzi haionekani kwenye picha. Na maji ya shaba au fomalini ukimaliza usiyarudishe baharini wala kwenye mtaro unaoshuka baharini. Ya shaba mimi nayapitisha kwenye mkaa kwanza mpaka kipimo kisome sifuri, ndio nayamwaga kwenye choo cha shimo, na mkaa ule naufunga mfuko wa takataka.